Gari Lililomungoja Mama

Mwaka muzima mama hakuvuka barabara. Pikipiki ilimugonga pale kwetu Mapendo tukivuka pamoja, mukono wake mukononi mwangu, na mimi ndiye niliyesema, "Twende." Mufupa ulipona. Lakini mudogo wa mama anakaa ng'ambo ya ile barabara, mulango wake unaonekana kutoka kwetu, na mama alibaki kumupungia mukono tu. Kila aliposema anataka kwenda kumusalimia, nilimukataza. Nilikuwa mukali, nakubali. "Mama, utaniua na presha!"

Mwezi uliopita nikamupeleka Gisenyi, daktari aangalie ule muguu. Kwenda mpaka bariere ya mupakani ni kwa miguu tu: unaonyesha karatasi, unapiga hatua chache, uko Rwanda. Vumbi letu linaishia hapo hapo. Lami imefagiliwa, maua kando, na kila pikipiki ina abiria mumoja na kofia yake kichwani. Nimefika kule mara nyingi, na kila mara roho inaniuma kwa wivu.

Kwenye mistari myeupe ya kuvukia mama akaganda. Gari likaja, likasimama. Akadhani kuna mukubwa anapita, maana kwetu gari halisimami bure. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa ili alipishe. Dereva akatabasamu, akaonyesha na mukono: pita.

"Linangoja nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Ee Mungu wangu! Mimi huyu, na kandambili zangu?"

Alivuka pole pole, kama anaenda kupokea komunyo. Kufika ng'ambo, akageuka, akataka kurudia. Gari lingine likasimama. Tulivuka mara tano, jamani! Mama anacheka, machozi yanamutoka, anamushukuru kila dereva: "Aksanti, papa. Aksanti sana." Kwanza niliona aibu. Halafu na mimi nikashangaa. Maisha yangu yote sikuwahi kumuona mama yangu akingojwa.

Daktari alisema muguu ni muzima.

Tuliporudi Mapendo, barabara yetu ilikuwa vile vile: honi, vumbi, watu watatu juu ya pikipiki moja. Kabla sijamushika, mama akashuka barabarani, akainua mukono, kiganja wazi.

"Mama!"

Pikipiki ya kwanza ikamukwepa, dereva akamutukana. Hakutikisika. Nyuma ya ile pikipiki alikuwa anateremka mwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea muzigo, amejaza kabichi za Kibumba. Akakanyaga breki na nguvu zake zote, akaikingamisha katikati ya barabara. Pikipiki zote zikakwama nyuma yake, zinapiga kelele.

"Pita, mama, pita haraka, kabichi ni nzito!"

Hakupita haraka. Alipita na ule mwendo wake wa Gisenyi. Mudogo wake alikuwa mulangoni, mikono kichwani, haamini.

Na mimi? Nilibaki upande wetu. Nilisikia tena ule mufupa ukivunjika. Chukudu ikaenda zake, barabara ikajaa tena. Mama akaniona. Akajitoa kwenye mikono ya mudogo wake, akarudi mpaka ukingoni, akashuka, akainua kiganja. Pikipiki moja ikasimama. Ya pili nayo ikasimama.

"Kuya, vuka, mutoto wangu," aliita. "Zinakungoja."