Alama Moja ya Kuvuka Mto

Tangu utotoni dada yangu Delaney alikuwa akiutazama mnara wa chuo kikuu ng'ambo ya mto na kuota kusoma huko. Mto wetu ndio mpaka wa jimbo. Wenyeji wa ng'ambo walilipa nusu ya ada, nasi tungelipa yote. Kulikuwa na ufadhili uliomruhusu mgeni kulipa kama mwenyeji, lakini ulitaka wastani wa alama thelathini kati ya thelathini na sita katika masomo yote ya mtihani wa kuingia chuo. Delaney alipata ishirini na tisa, akaurudia.

"Babu yenu angevuka tu kabla hajajenga," Mama alisema asubuhi ya matokeo, akigeuza pankeki. "Leo tungekuwa wenyeji."

"Babu alikuwa anaogopa maji, Mama," Delaney alisema.

Nje, ukungu ulikuwa umeufuta mto, na mnara ulielea peke yake kama kitu cha ndotoni. Delaney alifungua simu.

"Ishirini na tisa tena," alisema polepole. "Hisabati imepanda, kusoma kumeshuka."

Mama alizima jiko. Mimi nilikuwa nimeisoma barua ya chuo kuhusu ufadhili mpaka maandishi madogo ya mwisho.

"Ukirudia mtihani, wanachukua alama bora ya kila somo kati ya mara zote mbili," nilisema. "Kwa kusoma, chukua alama ya mara ya kwanza."

Delaney alijumlisha kwa kidole juu ya kioo cha dirisha chenye mvuke, akagawanya, akahesabu tena. Thelathini.

"Nitakuletea makaroni kila Jumapili," Mama alisema, akifuta macho.

"Makaroni yaje, Mama," Delaney alisema akicheka, "ila wewe usije kila Jumapili."