Siku Niliyoandikwa Sipo

Mhusika wa kosa hili ni sheha wa shehia ninayoishi. Ndiye aliyetia saini orodha inayosema kuwa nimefariki. Nalitanguliza hilo, msomaji wangu, lisije likapotea katikati ya kumbukumbu.

Nilikwenda ofisini kwake kuomba barua ya ukaazi. Karani, binti mwenye adabu zake, aliniamkia, "Shikamoo, babu," akaangalia kompyuta, uso ukambadilika. "Humu umeshafariki."

"Marahaba. Na hiyo shikamoo umempa nani?"

Akacheka, kisha akasema yeye anafuata kilichomo. Mimi niliyeitumikia masjala ya serikali mpaka kustaafu nikarudi nyumbani bila barua, na njiani nikakumbuka kuwa haikuwa mara ya kwanza.

Nilikuwa na miaka saba hivi, nikisoma Kurani chuoni kwetu Mji Mkongwe. Kila asubuhi maalim aliita majina, nasi tukiitikia "Naam!" huku nje vikombe vya muuza kahawa vikigongana. Siku hiyo nilikuwa nimefumba macho, nikijiuliza kama mkeka unaendelea kuwapo nisipoutazama. Jina langu likapita.

"Naam, maalim! Nipo!"

"Nshaandika hupo."

Wenzangu wakaipata kazi. "Nani kasema? Mie sijasikia mtu!" Kashata zikagaiwa, nikarukwa. Kufika adhuhuri, shaka ilikuwa imeniingia kweli.

Nilimkuta bibi ukumbini na ungo wa mchele mapajani.

"Bibi, nnahisi mimi sipo."

"Nani anayehisi?"

"Mimi. Lakini huenda nimekosea."

"Akosee nani, na hapa hamna mtu? Asiyekuwapo hata kukosea hawezi. Kaa hapa unitolee chuya."

Nilikaa, nikachambua, vumbi la mchele likinipanda puani. Sijapata kusomeshwa somo zito kuliko hilo. Naweza kuyatilia shaka macho yangu, masikio yangu, hata huo mchele wenyewe. Ila shaka haielei hewani peke yake. Lazima awepo mwenye kuifikiri. Mtu huyo ni mimi, na hakuna saini ya ofisi yoyote inayoweza kumwondoa.

Kesho yake bibi alivaa buibui lake, akanishika mkono mpaka chuoni. Maalim hakubishana. Alilikata neno lile kwa mstari mmoja, akaandika juu yake "yupo", akanitaka radhi mbele ya wanafunzi wote. Chuo kile sasa ni duka la vinyago vya watalii. Hilo nalivumilia. Nisilolivumilia ni kutoweka kwa watu waliokuwa wakimwamini mtu aliyesimama mbele yao kuliko maandishi yao wenyewe.

Kwa hiyo namtaka sheha anijibu kwa maandishi: nani alimletea habari ya kifo changu, ni ushahidi gani aliouona, na kwa nini hakupiga hodi mlangoni kwangu kabla ya kutia saini. Aisahihishe orodha mbele yangu. Na jibu lake asimpe mrithi wala jirani; anikabidhi mimi mwenyewe, mkononi.