Matumbawe Yaliyotakata

Shangazi yangu alizeekea kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na wenzake wakambandika jina la Bi Doa. Shuka halikumpita likiwa na alama hata ya ncha ya sindano. Kwake kitu kikishakuwa cheupe, kazi imekwisha. Nilimpenda, lakini nyumbani kwake ulikunywa chai kwa woga, usije ukadondosha tone.

Mumewe, fundi lifti mstaafu, alikuwa na tangi la samaki wa maji chumvi sebuleni. Samaki walikuwa wa kusindikiza tu. Roho yake ilikuwa kwa matumbawe, aliyoyakuza kutoka vipande vya ukubwa wa kidole hadi yakafunika mawe yote kwa zambarau na kijani. Shangazi aliliita tangi hilo mke mwenzake.

Ubavuni palikuwa na mtungi mwembamba wenye chembe nyekundu za madini ya chuma. Pampu ilipitisha maji humo, chembe zikanasa fosfati itokayo kwenye mabaki ya chakula, maana ikizidi huotesha mwani kwenye kioo. Mzee alipokwenda kulazwa kwa ajili ya nyonga, alimwachia mkewe maagizo.

"Chembe zikichoka, weka mpya nusu kikombe. Usizidishe, mama. Matumbawe nayo yanaihitaji hiyo fosfati. Ukiimaliza yote, yatakufa njaa."

"Nimesikia, baba."

Alisikia, ila macho yalikuwa kwenye ule utando wa kijani kiooni. Mzee alipoondoka tu, aliujaza mtungi hadi shingoni na kufungulia pampu yote. Alitaka mumewe arudi akute tangi halina dosari. Kioo kilipoanza kung'aa akampigia simu, roho kwatu.

"Mwani umekwisha wote. Hata matumbawe yametakata, yanakuwa meupe."

Mzee alishtuka, maana matumbawe yakipauka yanakufa. "Uliweka kiasi gani?"

Hapo ndipo angeokoa jambo. Mwanamke aliyewagombeza madaktari kwa sababu ya madoa ya makoti yao aliogopa kukiri lake.

"Nusu kikombe, kama ulivyosema."

"Basi si chembe. Labda ni joto. Usiguse kitu mpaka nirudi."

Hakugusa. Mtungi uliendelea kuyanyima matumbawe chakula, na yalipokufa yote ndipo alipozipunguza chembe kwa siri, zikabaki nusu kikombe.

Mzee alirudi kwa magongo, akaketi mbele ya tangi. Alipima joto, akapima chumvi, akauangalia mtungi. Hakupata kosa lolote ila lake mwenyewe. "Kipimo changu kilikuwa kikubwa," alisema. "Mkono umeshachoka huu." Hakutaka kuanza upya.

Shangazi alinieleza yote haya jikoni, akilia. Nilimkasirikia, nikamsihi akamwambie mumewe. "Nitaanzia wapi sasa?" aliniuliza.

Mnunuzi wa tangi alipokuja, nilikwenda kusaidia kubeba. Alimuuliza mzee mbona anaacha kitu kizuri hivyo.

"Nilikosea kipimo, nikayaua," mzee alisema. "Huyu mama hana kosa. Alifuata neno langu vizuri kabisa."

Nilimtazama shangazi. Alifungua mdomo, nikajua sasa anasema. Kisha akatupisha njia.

"Angalieni mlango," alisema. "Msije mkakigonga kioo."