Kwenda Kutazama Maji

Mume wangu alikuwa askari wa Mjerumani huko Iringa, na mwaka ule alipewa ruhusa ya kuja nyumbani. Tulikuwa tunaishi ufukweni, upande wa Matema, nami nilifinyanga vyungu kama mama yangu alivyofinyanga. Nilimngojea kwa hamu ya mtu aliyechoka. Paa lilikuwa linavuja, magugu yamefunika mihogo, na mtoto wetu wa pili, ambaye baba yake alikuwa hajamwona, alikuwa anaota meno na hanipi usingizi. Nikajiambia, huyu akifika tu, nitalala.

Alifika, akala, akalala yeye. Alilala mpaka majirani wakauliza kama ni mgonjwa. Alipoamka hakulitazama paa. Alivaa koti lake la kaki, akaketi karibu yangu nilipokuwa nakanda udongo.

"Mama watoto, jiandae. Tunakwenda Masoko."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Tunakwenda kutazama ziwa."

Nilimtazama, kisha nikaitazama Nyasa, iliyokuwa inapiga mawimbi mbele ya mlango wetu. Nikamwambia maji yapo hapa, ayatazame mpaka atosheke.

Ndipo akanieleza. Aliwahi kuwekwa Masoko, kwenye boma, na siku moja mkubwa wao wa Kijerumani alimleta mkewe kandokando ya lile ziwa dogo la juu. Walitandika kitambaa kwenye majani, wakala, wakakaa. Hawakuvua samaki, hawakufua nguo. "Mimi nilisimama na bunduki tangu asubuhi," akasema, "nawalinda wakitazama maji. Nikasema moyoni, siku nikipata ruhusa, nami nitakwenda na watu wangu, nikae."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilifunga usipa, samaki wadogo wakavu, na ndizi kwenye kikapu, nikambeba mdogo mgongoni, binti yetu mkubwa akashika mkono wa baba yake. Tulivuka kwa mtumbwi mpaka Mwaya, tukaanza kupanda.

Mume wangu hakujua kutembea polepole tena. Alikwenda kama anayefuatwa na ngoma ya jeshi, halafu anasimama kutungoja huku amekunja uso. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba kila kijiji tulichofika kilikuwa kitupu. Moto unawaka, chungu kinachemka, kuku wanadonoa, na watu hawapo. Mara ya kwanza nilidhani wako shambani. Baadaye nikaona majani ya migomba yanatikisika nyuma ya nyumba, nikaelewa kuwa walikuwa wanalikimbia koti.

Karibu na mto Mbaka tulimkuta bibi mmoja ameketi kizingitini, anamenya maharage.

"Ugonile, bibi," mume wangu akamwamkia.

"Ndaga," akaitikia bila kuinua macho. "Mimi miguu haikimbii. Ndizi zile pale, chukueni. Wanaume hawapo."

"Hatuchukui kitu, bibi. Tunatembea tu."

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Kuliona ziwa la Masoko."

Bibi aliacha kumenya. "Limefanya nini?"

Mume wangu akavua koti na kofia, akanipa niviweke kikapuni chini ya ndizi. Alijifunga shuka kiunoni kama mtu yeyote, akampandisha binti yetu begani. Kuanzia hapo watu hawakutukimbia. Kuna mama alitupa hata maziwa ya mgando, nami nikaketi kivulini kwake na nusura nisinyanyuke tena.

Ziwa tulilikuta jioni ya kesho yake. Ni la mviringo, la kijani, limezungukwa na miti, halina wimbi hata moja. Binti yetu akauliza wavuvi wako wapi. Baba yake akasema hawapo, hapa ni pa kutazama. Tulitandika kitenge changu cha kubebea mtoto, tukala usipa wetu. Nilijaribu kutazama kama walivyotazama wale wazungu, lakini miguu ilikuwa inawaka moto na mawazo yangu yalikuwa kwenye vyungu nilivyoviacha bila kuchomwa. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amelala akiwa ameketi, kidevu kifuani.

Hatukusikia askari wakija. Walikuwa wanakusanya wapagazi, na nyuma yao kulikuwa na wanaume waliokwisha kukamatwa. Mmoja akampiga mume wangu begani kwa kitako cha bunduki. "Inuka!" Naye akainuka, akaenda kusimama mstarini na wale wengine, bila neno. Mpaka leo sijui kama ni usingizi, au ni mazoea ya kuitika kila akipigiwa kelele. Ni mimi niliyemwaga ndizi chini na kulitoa lile koti.

Kiongozi wao alilitazama, akaona alama ya cheo mkononi, akacheka. "Ungesema, ombasha." Akampigia saluti. Mume wangu akavaa koti, akafunga vifungo vyote, akarudisha saluti. Wale wanaume mstarini walimwangalia, naye akatazama chini. Kisha wakaondolewa.

Tulipokwisha kushuka mbali, akasema:

"Nilitaka kumwambia awaachie."

"Angewaachia?"

"Hapana."

Tukashuka mpaka Mwaya, tukavuka kurudi kwetu. Siku zake zilizobaki alizimaliza amelala, nami sikumsumbua. Alirudi Iringa. Vita vilipokuja alikwenda navyo kusini, akarejea Wajerumani walipokwisha kuondoka kwetu, amekonda, hana koti wala viatu. Tukaishi, akalima, akafa kitandani mwake. Masoko hakuitaja tena.

Binti yetu ndiye anayeitaja. Huwasimulia wanawe kwamba hajapata safari nzuri kama ile, kwamba baba yake alimbeba begani mlima mzima na kumfundisha majina ya miti. Wale askari yeye hawakumbuki, wala wale wanaume wa mstarini. Wajukuu wananigeukia waniulize kama ni kweli, nami nawajibu kwamba ni kweli, alimbeba.