Neno Moja Juu ya Etiketi ya Jeli

Karuba, Jumapili, tarehe 9 mwezi wa tatu. Mvua ndogo tangu alfajiri, ukungu umekaa juu ya milima mpaka saa sita, na barabara ya Mushaki ni matope matupu.

Leo nimepata haya, na si haya ya kuficha kwenye kitenge. Nimejaza kanisa lote harufu ya kanyanga, ile pombe kali ya kupikwa, mimi Mama Zawadi, ninayeimba na wamama, mimi ambaye hata pombe ya ndizi siionji, na nimefanya hivyo mbele ya Pasta, mbele ya wazee, na (hapo njo pananiuma) mbele ya inspekteri wa dawa. Sijui kama nitaandika vizuri, masomo yangu yaliishia darasa la sita, lakini nataka niandike leo leo kabla sijaanza kujipunguzia makosa, maana najijua, kesho nitasema ilikuwa ni mvua.

Mulio karibu munajua kazi yetu. Tuko wamama saba, tunapika sabuni nyuma ya nyumba yangu, kwa mawese ambayo shemeji yangu anatutumia toka Ntoto, kule Walikale, ndani ya mabido, yale madumu ya njano. Sabuni yetu iko na karatasi yake ya ruhusa yenye kashe, muhuri wa serikali, tumeitundika ukutani ndani ya plastiki ili moshi usiiharibu, na kwa wamama saba ile karatasi ni shamba. (Wawili kati yetu hawana shamba lingine.) Sasa, tangu ugonjwa huu wa vipele uanze kuzungumzwa, enfirmie, muuguzi wetu wa sentre ya afya, alisema watu wasishikane mikono ovyo, na kwa kuwa maji ni mbali na kanisa, pakawekwa mlangoni chupa ya jeli ya kusafishia mikono toka mjini. Ikaisha. Mimi nikajiambia, mutu anayepika sabuni atashindwaje na jeli?

Nilikwenda kuuliza kwanza, hilo munihesabie upande wangu. Enfirmie alinieleza polepole kama anavyoeleza wamama wanaoleta watoto kupimwa. "Mama Zawadi, sabuni iko na karatasi yake. Jeli ya alkoli iko dawa, iko na karatasi ingine. Banaangalia nyumba, banaangalia alkoli inatoka wapi, banapima nguvu yake, kisha njo banakupatia ruhusa. Andika dosiye, ungoje." Nikaandika zile karatasi za maombi, yeye akazituma. Nikangoja wiki tatu, ya nne ikaingia, na Alhamisi Pasta akanikuta kisimani akasema, "Mama, Jumapili ni Meza ya Bwana na ile chupa ya mlangoni iko mutupu." Hakuniambia nitengeneze. Nataka niwe wa haki kwake. Alisema tu chupa iko mutupu, mengine niliyaongeza mwenyewe kichwani.

Nikaenda kwa mama mmoja jirani (jina lake silitaji hapa, hata kama nyote munamujua na wengine munamujua sana), nikachukua bido ndogo ya kanyanga ile iliyopikwa ikarudiwa mara ya pili. Kwetu kanyanga inapimwa kwa moto: unamimina kidogo kwenye kijiko, unapitisha kiberiti, ikiwaka bluu iko na nguvu, isipowaka umeibiwa. Yangu iliwaka bluu mpaka ikaniunguza kidole. Nikasema basi, imefaulu mtihani. Nikaweka glisirini kidogo niliyokuwa nimebakiza, nikachemsha majani ya mukaratusi nikaongeza maji yake ili yafunike harufu, nikajaza chupa tatu, nikaona inameremeta, nikafurahi kama mutu aliyezaa mapacha.

Ikabaki etiketi, ile karatasi ya kubandika kwenye chupa. Nilichukua chupa ya zamani ili nifuate maandishi yake. Iliandikwa Jeli ya mikono, nikaandika. Iliandikwa Alkoli 80, nikaandika (kijiko si kiliwaka?). Chini kabisa iliandikwa Imeruhusiwa, na namba ndefu. Hapo bic yangu ilisimama. Namba sikuwa nayo. Lakini bila lile neno etiketi ilionekana kama mutu aliyevaa koti bila suruali, na dosiye yangu ilikuwa njiani, kwa hiyo nikajiambia si uongo, ni kweli iliyotangulia kidogo. Nikaandika Imeruhusiwa. Mambo yote ya leo yametoka ndani ya lile neno.

Asubuhi protokole wetu, kijana wa kupokea watu, mwenye koti la kijani, alisimama mlangoni na chupa, kila mutu akapata mikononi. Pasta, kwa heshima, alimiminiwa mara mbili, na kwa kuwa yeye hapotezi zawadi alijipaka mpaka viwiko na shingo. Watu walikuwa wananiambia, "E, Mama Zawadi, inanukia muzuri!" Nami nikabeba kichwa juu. Kisha nikaona, kwenye benchi la mbele, karibu na enfirmie, mgeni mwenye buti za matope. Mama aliyekaa karibu yangu akaninong'oneza: ni inspekteri wa dawa, aliyekuwa akizunguka masentre, pikipiki yake imeshindwa na barabara tangu jana jioni, na kwa kuwa amelala kwa enfirmie, amekuja kusali nasi, wameingia kwa mlango wa pembeni. Nikamwomba Mungu asifike kwa mlango wa mbele, kwenye chupa na etiketi yangu.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mukaratusi. Wimbo wa pili, mukaratusi ukaaga. Madirisha yalifungwa kwa sababu ya mvua, tuko watu wa kutosha, mikono yetu imepata joto kwa kupiga makofi, na kilichobaki ndani ya kanisa ni kanyanga yenyewe, bila koti wala suruali.

Pasta alisimama kuhubiri. Akafungua mdomo, akaufunga. Akanusa.

"Nani amekuja hapa na pombe?"

Akashuka. Akapita kwa vijana wa kwaya, akanusa, akasema, "Iko hapa." Akaenda kwa wazee, "Hapana, iko hapa." Akaenda mpaka nyuma, harufu ilikuwa imefika kabla yake, akageuka, ikamfuata. Mzee mmoja alisema, "Pasta, naona inatembea." Na mimi, niliyejua inatembea kwa miguu ya nani, nilikuwa ninaangalia vidole vya miguu yangu kama vile ni mara ya kwanza kuviona.

Kisha watu wakaanza kumwangalia Papa Musafiri.

Huyu niwaambie. Papa Musafiri zamani alikunywa mpaka akauza mbuzi wa mahari ya binti yake. Mke wake alirudi kwao. Alipoacha pombe alisimama mbele yetu sote akasema ameacha, mke akarudi, na sasa ni miaka minne anakamua ng'ombe na kutengeneza fromage, jibini ya kwetu, na kukaa benchi lile lile. Hakuna aliyemtaja. Shingo tu ziligeuka, moja moja. Mke wake akainamisha kichwa. Mzee wa mlango akamwendea, akamwambia kwa upole (lakini upole mwingine unaua), "Papa, pengine utoke kidogo upate hewa."

Papa Musafiri akasimama. Alikuwa ameweka mikono yake miwili mbele ya uso, anainusa, na uso wake ulikuwa kama wa mutu aliyeona nyoka kitandani. Akasema, "Sikukunywa. Lakini hii harufu naijua. Iko kwa mikono yangu, na sijui imetoka wapi."

Nitasema kweli, sikusimama mara hiyo. Nilihesabu. Upande mmoja mukono wa Papa Musafiri, upande mwingine ile karatasi ukutani na wamama saba, na inspekteri mita tatu toka kwangu. Nikisema, anafunga nyumba ya sabuni. Nikinyamaza, watasahau. Lakini mke wake alianza kukusanya vitu vyake kwenye mfuko, polepole, Biblia, kitambaa, mwavuli, na mwavuli ule njo ulinisimamisha.

"Pasta," nikasema, na sauti ilitoka kama ya kuku, "harufu iko kwa mikono yako."

Watu wakashtuka. Nikaona nimeharibu zaidi. "Kwa mikono yetu yote! Ni ile jeli ya mlangoni. Niliitengeneza na kanyanga. Papa Musafiri hana kosa, mimi njo nilimimina kanyanga kwa mikono ya mutu aliyeiacha."

Hapo kanisa zima, watoto mpaka wazee, walipeleka viganja puani kwa mara moja. Sitasahau. Pasta alinusa chake, kimoja, kisha kingine, kisha kiwiko. Akasema pole pole, "Bwana nihurumie, ni miye nilikuwa ninatembea nayo." Kicheko kilichotokea hapo kilitingisha mabati. Lakini Pasta hakucheka. Alikwenda mpaka kwa Papa Musafiri akamwomba musamaha mbele ya wote, akawaomba pia vijana wa kwaya, na ninamushukuru sana, maana angeweza kunikasirikia mimi na kuishia hapo.

Kisha yule mgeni akanyoosha mukono. "Naomba chupa."

Baada ya sala tulienda sentre, mimi na inspekteri. Alimimina jeli yangu ndani ya kopo refu, akaingiza kipimo cha kioo, kikashuka kidogo tu, kikagoma. "Mama, uliandika makumi nane. Hapa haifiki hamsini."

"Papa, kijiko kiliwaka."

"Moto haujui kusoma, Mama. Kanyanga inawaka kabla haijafika nguvu ya kuua mikrobi. Kisha ukaitilia maji ya mukaratusi." Akaniuliza kama ninajua ile inayotoka kwanza kwenye chungu inaweza kupofusha macho, na kama niliweka chupa karibu na moto (niliziweka karibu na jiko, zikauke etiketi). Kumbe njo maana wanataka kujua alkoli imetoka wapi, na nyumba iko je, na nani ameipima, miye nilifikiri ni karatasi za kutuchosha tu. "Alkoli ulitoa kwa nani?"

"Kwa miye, Papa. Niliinunua mwenyewe, kosa liko na jina langu."

Aliniangalia kidogo, akaandika. Halafu akaweka kidole juu ya lile neno. "Na hii?"

Nililia kidogo, si kwa ujanja.

Alikuja nyumbani, buti kwenye matope, akaona nyumba ya sabuni, akafungua mabido ya mawese, akasoma karatasi ukutani. Wamama wenzangu wote sita walikuwa wamesimama uani kama kwenye kilio. Akasema, "Sabuni haijadanganya mutu. Iendelee. Jeli yote imwagwe kwa choo, mbele yangu. Dosiye yako inaanza tena toka mwanzo, na etiketi hii inaingia ndani." Akanipa bic nikate lile neno kwa mukono wangu mwenyewe. Angeweza kufunga. Nimekaa jioni nzima nikirudia hilo, angeweza kufunga, na kwa haki yake kabisa.

Saa kumi na mbili ya jioni Papa Musafiri na mke wake walibisha hodi. Nilifikiri amekuja kunisema, nikaandaa sikio. Alikuwa ameshika fromage ndani ya jani. Nikamletea maji na kipande cha sabuni yetu, akanawa, akakausha, kisha akapeleka viganja puani mbele yetu sote.

"Hii iko sabuni tu," akasema, na akampelekea mke wake anuse.

Sitaandika tena neno lililo la mutu mwingine kutoa, hata kama liko njiani, hata kama limefika mlangoni. Tulikula maharagi na viazi, na fromage ya Papa Musafiri juu yake.