Mbuzi wa Damu Moja

Harufu ya mbuzi aliyezaliwa sasa hivi, ule utelezi wa joto uliochanganyika na majani makavu, bado hunitia hofu. Wengine huinusa wakafurahi. Mimi husubiri kwanza nione kama mtoto atanyonya.

Nilikuwa darasa la tatu wakati homa ya mapafu ilipofagia mazizi ya kijiji chetu, Ruiri. Kwetu alibaki Kanini, jike mweupe, na mwanawe dume aliyekuwa bado mchanga. Mama akaapa kwamba hakuna mbuzi wa nje atakayekanyaga boma letu tena. Jirani yetu, Baba Mwenda, alipotuletea dume lake, Mama alimzuia pale pale langoni.

"Mama Kendi, hawa watazaana wenyewe kwa wenyewe mpaka waishe."

"Basi waishe hivyo. Ugonjwa siurudishi hapa."

Maneno hayo niliyabeba kama hukumu. Yule dume wa Kanini alikua, akampanda mamake, kisha majike waliozaliwa, na watoto wakaanza kuzaliwa na kasoro. Mmoja taya lilikuwa limepinda, hakuweza kushika chuchu. Nilimnywesha kwa kijiko, maziwa yakamtokea puani. Mwingine alikuwa kipofu, akawa anagongagonga ukuta akimtafuta mamake, hadi siku moja nikasikia kimya. Kila asubuhi nilisimama nje ya zizi nikisikiliza kabla ya kuthubutu kuchungulia. Kanisani niliwaombea mbuzi kimoyomoyo, nikihofia mwalimu wa shule ya Jumapili angenicheka.

Mwishowe Mama mwenyewe alichoka. Nkatha, mjukuu wa Kanini, alikuwa na mimba. "Huyu akizaa wabovu, wote naenda kuwauzia wachinjaji wa Majengo," alisema.

Nkatha alishikwa na uchungu Mama akiwa sokoni Gakoromone akiuza viazi. Nilimwita Baba Mwenda kwa kelele, akaruka ua. Mtoto wa kwanza alitoka, akapumua kidogo tu, akakata roho. Nikaanza kulia.

"Nyamaza, Kendi, kuna mwingine," alisema Baba Mwenda.

Wa pili aliteleza hadi chini, akapiga chafya. Nilimtia kidole mdomoni nikipapasa taya. Lilikuwa sawa. Akaniuma kwa ufizi, akasimama, akaanguka, akasimama tena, akanyonya huku mkia ukitikisika. Mama aliporudi alimtazama sana, kisha akasema safari ya Majengo haipo tena.

Waliofuata walizaliwa wazima zaidi na zaidi. Bado tulizika mmoja mmoja, lakini zizi lilijaa.

Miaka mingi baadaye, nikisomea mifugo chuoni, ndipo nilipoelewa. Kila mnyama hubeba kasoro zilizojificha, na nyingi hazimdhuru mpaka azirithi kwa baba na kwa mama pia. Kwa mbuzi wa damu moja hilo hutokea upesi. Wale walioshindwa kunyonya walikufa kabla ya kuzaa, wakaenda na kasoro zao. Waliobaki walikuwa na chache za kurithisha. Mwalimu alituonya kwamba makundi mengi huisha kabla ya kufika hapo.

Nilimpigia Mama simu kumuuliza kama alikuwa akijua.

"Kujua nini? Nilikuwa naogopa tu."

Nilikaa na simu mkononi, nikimfikiria yule mbuzi kipofu. Nilikuwa nimemlilia kama dalili ya mwisho wetu, kumbe kifo chake kilikuwa sehemu ya kupona kwetu. Hilo nalijua sasa, na bado sijaweza kulifurahia.