Kofia ya Zohali

Fundi Baridi alipewa jina hilo kwa sababu ya friji, si kwa sababu ya tabia. Tabia yake ilikuwa moto. Mteja akithubutu kumfundisha kazi, alimtoa karakanani yeye na friji lake, kisha akamfuata barabarani kumrudisha, maana friji bovu lilimuuma kuliko tusi. Mke wake, aliyemvumilia tangu nywele zikiwa nyeusi, alikuwa akisema mwanamume huyu angezaliwa pilipili angejiwasha mwenyewe.

Lakini Jumamosi moja kila mwezi, jioni ambayo mbalamwezi haikuwa kali, mtu huyohuyo alitulia kama maji ya mtungini. Alivaa shati lililopigwa pasi, akafunga darubini yake kwenye kitoroli cha kubebea friji, akaisukuma hadi uwanja wa kuegesha magari nyuma ya maktaba. Mlinzi alizima taa za nje, na watu wakaja: wenye maduka wakitoka kufunga, wanafunzi, wazazi wenye watoto mabegani. Hakuna aliyetozwa chochote. Waendeshaji walikuwa watatu, wote wa kujitolea. Kulikuwa na Fundi Baridi mwenyewe. Kulikuwa na mwalimu wa kemia, kijana mpole aliyeeleza habari za sayari mpaka watu wakapiga miayo. Na kulikuwa na nesi mwenye sauti ya kuita wagonjwa korido nzima, ambaye ndiye aliyenyoosha foleni.

Darubini ile Fundi Baridi aliiunda kwa mikono yake. Mwili wake ni bomba pana la plastiki, egemeo lake ni mbao, na kioo cha ndani alikisugua mwenyewe, kioo juu ya kioo, kwa unga wa msasa na maji. Alikisugua miezi kadhaa kwenye meza ya jikoni huku mke akilalamika kwamba unga unaingia kwenye mboga. Siku alipokimaliza alimpandisha mkewe juu ya paa, mwiko ungali mkononi, akamwonyesha sayari ya Zohali na pete zake. Mke akachungulia, kisha akapiga ukelele: "Jamani! Imevaa kofia!" Fundi Baridi, ambaye hakutoa chozi hata alipomzika baba yake, siku hiyo alilia.

Neno la kofia likawa lake. Kila aliyekuja uwanjani aliambiwa kwanza, "Utaona imevaa kofia." Na kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, hakuna wa kugusa darubini ila yeye. Dunia inazunguka, Zohali haimsubiri mtu, na baada ya kitambo kidogo inateleza nje ya kioo, kwa hiyo baada ya kila mtazamaji Fundi Baridi alilisukuma bomba kidogo kwa ncha za vidole. Mwalimu alipojaribu siku moja kumsaidia, alikemewa mbele za watu mpaka masikio yakamwaka. Sheria ya pili, kila anayechungulia aseme kwa sauti ameona nini kabla hajaondoka. Fundi aliitunga kwa sababu anawajua watu: mtu huchungulia giza tupu, akaona haya, akasema "nzuri sana" na kwenda zake. Sasa kila mmoja aliulizwa, "Unaona nini?" na ilimbidi ajibu.

Halafu yakaja ya macho. Yalianza karakanani kwa skrubu zilizodondoka asizione, yakaendelea kwenye miimo ya milango iliyompiga bega. Daktari akamwambia ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitapungua. Dawa ya matone itachelewesha tu. Fundi Baridi akaificha chupa ya dawa kwenye droo ya mabomba ya shaba, hakumwambia mtu. Friji hazikumpa taabu sana, kwani mota husikika na bomba hupapaswa. Mbingu haipapaswi. Akawa analenga kwa akili: saa kama hizi, msimu kama huu, juu ya tangi la maji la maktaba, kushoto kidogo. Akishalenga alimwita wa kwanza. "Unaona nini?"

"Imevaa kofia, mzee!"

Basi alishusha pumzi. Maadamu watu wanaona, yeye bado ni fundi, bado anafaa kitu. Hilo ndilo lililokuwa likimshikilia, na ukimnyang'anya hilo hakuwa na kingine.

Jumamosi moja ya msimu wa Zohali foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Kofia, kofia, kofia, wakapita wote, mke wake akiwamo. Akafuata mwanamume mmoja mgeni kabisa, fundi bomba aliyekuwa ametoka kuzibua choo cha maktaba, spana ingali kiunoni. Huyu hakujua desturi za pale. Akaweka mikono nyuma kama alivyoelekezwa na nesi, akainama, akabaki hivyo.

"Unaona nini?"

"Bado."

"Angalia vizuri."

"Naangalia. Fundi mwenzangu, humu hamna kitu. Ni giza tupu."

Nesi akajipenyeza haraka. "Kaka, labda jicho limechoka. Jaribu la pili."

"Dada, mimi kazi yangu ni kuchungulia mabomba," akasema yule mwanamume, bila ubaya wowote. "Bomba tupu nalijua."

Kuna waliocheka, kisha wakajutia kicheko chao. Fundi Baridi akainama mwenyewe. Aliona ukungu wa kijivu, uleule anaouona kila mahali, hata kwenye sahani ya chakula. Akainuka. "Mwalimu, hebu njoo utazame."

Mwalimu akaja, akatazama kwa muda mrefu mno. "Ipo, mzee," akasema. "Imekaa vizuri tu."

Hapo ndipo Fundi Baridi alipoingiwa na baridi ya kweli. Zohali ina kimwezi chake kikubwa, kidoa cha nuru kinachokaa pembeni yake, leo upande huu, wiki ijayo upande ule. Kofia unaweza kuikariri. Kimwezi huwezi.

"Kimwezi kiko upande gani?"

Mwalimu akarudisha jicho kwenye darubini.

"Mwalimu, nimekuuliza. Kiko upande gani?"

"Mzee..." Sauti ya kijana ikakatika.

"Tangu lini?"

Wale wa kila mwezi, wenye maduka, wanafunzi, wote walikuwa wakiangalia viatu vyao. Fundi Baridi akarudi nyuma hatua moja na kusema jambo ambalo hakuwahi kulisema tangu darubini ile izaliwe. "Ishike. Ilenge wewe."

Mwalimu akalishika bomba. Mbao zikakwaruzana, na Fundi akasikiliza mkwaruzo ule akingoja ukome mara moja. Haukukoma. Bomba lilisafiri, likavuka tangi la maji, likavuka mlingoti wa maktaba, likaenda mbali upande ambao yeye asingeudhania kabisa. Kisha mwalimu akamwita yule fundi bomba.

Yule bwana akainama. "Ee!" akasema, na pumzi ikamkatika katikati. "Ee, mama yangu!"

Hakusema habari za kofia. Akafuata mwenye duka ambaye hakukosa hata mwezi mmoja, naye akaguta vilevile, akashika kifua. Akafuata mwanafunzi. Fundi Baridi alisimama kando akiisikia sauti hiyo, pumzi inayoingia ghafla na kusahau kutoka. Ilikuwa sauti aliyoifanyia kazi maisha yake yote ya uzeeni, na alikuwa hajaisikia tangu msimu wa mwaka jana. Masikio yake yalikuwa mazima. Alikuwa amesikia kofia msimu mzima asisikie kwamba sauti ile haipo.

Alisukuma kitoroli kitupu hadi nyumbani. Darubini aliiacha na mwalimu. Mke alitembea ubavuni mwake, akimgusa kiwiko kila palipokuwa na shimo, na usiku huo Fundi hakujifanya kwamba mashimo anayaona.

Jikoni akakaa kwenye ile meza. "Na wewe," akasema.

"Na mimi."

"Mmenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nyote. Mbona hukuniambia?"

Mke akavuta kiti. "Ningekuambiaje? Dawa yako ya macho niliiona kwenye droo siku nyingi, nikangoja uniambie wewe. Na pale uwanjani ulikuwa unauliza kwa furaha, unaona nini, unaona nini. Mimi ni nani nikuvunje mbele za watu? Na anayekugusia hiyo darubini anakiona cha moto." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Ile ya juu ya paa niliiona. Ile ilikuwa kweli. Nilitetemeka mpaka mwiko ukaanguka."

Fundi Baridi akapapasa meza, mahali unga wa msasa ulipokuwa umekwaruza mbao zikabaki na vishimo. Hakugomba. Angegomba, mke angepata ahueni. Hasira za mumewe alizizoea. Fundi alikaa tu na uchungu wake, usio na wa kulaumiwa.

Mwezi uliofuata hakutaka kwenda. Nesi alikuja mwenyewe kumchukua, akimwita mzee wetu, mzee wetu, kwa sauti ya chini ambayo haikumfaa. Uwanja ulikuwa umejaa. Mwalimu alikuwa nyuma ya darubini, na watu waliguta mmoja baada ya mwingine, na mwalimu alikuwa akicheka kwa kila mguto kama mtu anayepewa zawadi. Fundi Baridi akapanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika, nesi akamshika bega akamsogeza, na yeye akaweka mikono nyuma, akainama.

Ukungu. Akafumba jicho, akafumbua, akajaribu la pili. Ulikuwa ukungu uleule wa kijivu, hauna hata punje ya mwanga. Akajua kwamba ndiyo basi, kwamba kinachoonyeshwa na kile kioo alichokisugua jikoni hatakiona tena, si mwezi huu wala mwezi wowote ujao.

"Unaona nini, mzee?" Mwalimu aliuliza akiwa karibu sana, na Fundi alimsikia akizuia pumzi.

Foleni ikangoja. Mke wake alikuwa mahali fulani nyuma yake.

"Imevaa kofia," akasema Fundi Baridi.

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akasema asante mzee, asante sana, akalisukuma bomba kidogo kwa ncha za vidole, akamwita anayefuata. Kimwezi kiko upande gani, hakuuliza.